Habari ya Macho Mekundu

 Mwezi huu twaomba nafasi katika karatasi hii tuwaambie habari iliyotupata sisi wenyewe hapa Nkoma. Hatuiandiki kwa kujisifu, maana haina sifa kwetu. Twaiandika kwa kuwa twadhani wengi wenu mnayo habari kama hii katika nyumba zenu, nanyi hamjaisema.

Kwa wasioijua Nkoma, ni kata katika Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu. Zamani tulihesabiwa kuwa watu wa Bariadi, na Bariadi ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, hata mwaka 2012 mkoa mpya ulipoanza. Nchi yetu ni ya mbuga na nyika. Ng'ombe ni wengi, na watu hulima pamba, mtama, mahindi na viazi. Bali miti ni michache. Neno hili la miti lishikeni, kwa maana tutalirudia.

Tulipokuwa na umri wa miaka 11, jirani yetu alikuwa bibi mmoja mjane. Jina lake hatulitaji, kwa heshima yake na ya watoto wake. Sisi watoto tulimpenda sana. Kila tulipotoka kuchunga alituita akatupa matobolwa ya kutafuna, na jioni nyingine alitupikia michembe kwa karanga, akatuketisha mlangoni pake, akatusimulia hadithi za sungura na fisi. Siku moja shangazi yetu akatuona tukitoka kwake, akatukamata mkono akasema, "Msiende tena kula kwa yule. Macho yake hamyaoni?" Kesho yake tukaenda kuyatazama, na kweli yalikuwa mekundu. Yalikuwa mekundu siku zote, lakini tangu siku ile hatukuweza kuyaona kama tulivyoyaona kwanza.

Mvua za mwaka ule zikaleta homa nyingi. Mtoto mmoja wa mtaa wetu akafa, na baada ya siku chache ndama wa baba yake akafa pia. Baba akaenda kwa mpiga ramli wa mbali. Kuku akapasuliwa, akasomwa ndani. Ikatoka habari kwamba adui ni mwanamke mzee, akaaye upande wa machweo, mwenye macho mekundu. Mpiga ramli hakutaja jina. Haikuwa lazima kulitaja.

Usiku ule wavulana wakakusanyika kwenda kuitupia madongo ya udongo nyumba ya yule bibi, nasi tukafuatana nao. Hatukumchukia. Wala hatukuwa na hakika kwamba yeye ndiye aliyeua. Tulikwenda kwa sababu wenzetu wanakwenda, na kwa sababu wakubwa waliokuwa wakituona tukipita hawakutukataza. Tukatupa donge moja, likaanguka juu ya paa la nyasi, tukakimbia. Alfajiri nyumba ilikuwa tupu. Alikuwa ameondoka gizani na chungu chake na kuku wake wawili, kwenda kwa binti yake katika nchi nyingine ya Usukuma.

Tulipokuwa watu wazima ndipo tulipojua kwamba yule bibi alipata nafuu kuliko wengi. Mwanachuoni mmoja Mtanzania, Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika juu ya mambo haya, akaonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa kusingiziwa uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu ya wote waliuawa huku kwetu Usukuma. Sheria ya Uchawi ilikuwako tangu mwaka 1928. Lakini sheria hukaa ofisini, na mambo haya huanza mlangoni, shangazi anapomshika mtoto mkono.

Labda mtauliza: je, hamkuwa mmefundishwa neno lolote? Tulifundishwa. Wakati ule tulikuwa katika mafundisho ya dini, na katika darasa letu hapakuwa na mtoto aliyetushinda kwa kujibu. Mwalimu aliuliza swali la kitabu, nasi tukatoa jibu la kitabu bila kukosa hata neno. Tukasifiwa, na baadaye tukapelekwa shule ya misheni, kisha tukafanywa katekista. Tulijua majibu mengi sana. Lakini hapakuwa na swali hata moja lililokuwa letu wenyewe. Na mtu aliyezoea kupokea majibu asiyoyauliza, atapokea la mwalimu asubuhi, na jioni atapokea la mpiga ramli, asione kwamba yanapigana.

Miaka ikapita. Tukaoa, tukapata watoto, na baba yetu alipokufa tukamchukua mama yetu akae kwetu. Alikuwa mwanamke mwenye nguvu, asiyekubali kukaa bure. Alipika pamoja na mkwewe, naye ndiye aliyewasha moto wa asubuhi. Basi siku moja darasani, watoto walipokwisha kukariri somo lao, mvulana mdogo akainua mkono akasema, "Mwalimu, kwa nini macho ya bibi wa kwenu yamekuwa mekundu?"

Darasa zima likanyamaza. Wale watoto walijua maana ya swali lile, nasi tulijua. Tukamwambia aketi, arudie somo tangu mwanzo. Akaketi akalirudia. Tukatoka darasani tumeona haya, maana mtoto alikuwa ameuliza swali zuri kuliko yote tuliyopata kuulizwa katika miaka yetu ya kufundisha, nasi tulimwadhibu kwalo.

Sasa twawaambia neno lililo gumu. Usiku ule tulipokuwa tukila, tulimtazama mama yetu mzazi katika mwanga wa taa, yeye aliyetubeba na kutunyonyesha, na mara moja, kwa kitambo kidogo, tukamwogopa. Sisi katekista! Ndipo tulipofahamu kwamba donge lile la miaka mingi lilikuwa halijatutoka mkononi. Tulikuwa tumeyakataa mambo haya kwa kinywa, tukayahubiri vizuri Jumapili. Lakini hatukuwa tumekwenda hata mara moja kutazama kama ni kweli au si kweli. Imani ya namna ile haiondoki kwa kukemewa. Hujificha tu, ikangoja usiku.

Asubuhi yake tukaingia jikoni tukaketi. Mama akatuuliza, "Mwanangu, umepotelewa na nini huku?" Tukamwambia twataka kumwona akipika tangu mwanzo hata mwisho. Akacheka, akawasha moto. Kuni hazikuwako, kwani miti iko mbali. Akawasha kwa mabua ya pamba, kisha akaweka mavi makavu ya ng'ombe. Jiko letu lilikuwa la mafiga matatu katika nyumba ya msonge, pasipo dirisha. Moshi ukapanda, ukafika katika nyasi za paa, ukarudi chini. Maji yalikuwa hayajachemka bado, nasi machozi yalikuwa yakitiririka. Ugali ulipoiva na mlenda ukawa tayari, tukatoka nje, tukachukua kioo cha kunyolea, tukajitazama. Macho yetu yalikuwa mekundu kama ya bibi yule.

Hapo tukapiga hesabu, kama zile tunazowafundisha watoto. Mama alianza kupika akiwa msichana mdogo. Tuseme amepika miaka 50, mara mbili kila siku: ni mara 36,500. Sisi tuliketi jikoni mara moja tu. Waswahili husema, mwenye macho haambiwi tazama. Lakini sisi tulikuwa na macho tangu kuzaliwa, tukayatumia kutazama macho ya wengine tu, wala hatukutazama moshi.

Tukampeleka mama kwa mganga wa macho hospitalini. Akamtazama kwa makini, akatuambia kwamba sababu zaweza kuwa mbili, na mara nyingi hufuatana. Ya kwanza ni moshi. Ya pili ni ugonjwa wa vikope. Ugonjwa huu huletwa na vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho matupu. Huchukuliwa na inzi, na mikono, na kitambaa kimoja cha kufutia nyuso za wengi. Watoto wadogo huupata kwanza, na wanawake huupata zaidi ya wanaume kwa sababu wao ndio wanaowapakata na kuwafuta watoto. Mtu akiupata mara nyingi, kope zake huweza kupinda kwa ndani zikakwaruza jicho kila anapopepesa, hata mwisho huwa kipofu. Nao una dawa, na kinga yake ni kunawa uso kwa maji safi na kufukuza uchafu uletao inzi. Fikirini, wapenzi: alama tuliyoiita ya uchawi ilikuwa alama ya mwanamke aliyewapikia watu chakula na kulea watoto. Kila aliyezidi kutumika, alizidi kushitakiwa.

Tena tukauliza zaidi: kwa nini mama zetu wapike kwa mavi ya ng'ombe? Ni kwa sababu miti imekwisha. Na kwa nini imekwisha? Hapa ndipo tulipojifunza jambo ambalo hatukulitazamia. Wakati wa serikali ya kikoloni mapori ya nchi hii yalifyekwa mengi ili kuwafukuza mbung'o waliokuwa wakiua ng'ombe. Kisha mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na katika miaka ya 1970 watu wakahamishiwa katika vijiji, wakayaacha malisho yao ya zamani. Lakini wazee wa Kisukuma walikuwa na desturi yao ya ngitili, yaani kuacha sehemu ya nchi isichungwe wakati wa mvua, ili nyasi na miti ipone, ifae wakati wa kiangazi. Wataalamu wengi waliofika huku hawakuiuliza desturi ile. Mwaka 1986 serikali ilipoanzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI, watu walirudishwa katika ngitili ya wazee wao. Ngitili zilizokuwa kadiri ya hekta 600 tu mwaka ule zikaongezeka hata kupita hekta 300,000 katika mkoa ule wa zamani, na Bariadi ikiwamo.

Twawaambia habari hii ya ngitili kwa kusudi. Kuna watu wasikiao neno "fikiri mwenyewe" wakadhani maana yake ni kudharau yote ya wazee na kushika yote yaliyo mapya. Sivyo. Katika jambo la macho mekundu wazee wetu walikosea, na mganga wa hospitali alisema kweli. Katika jambo la miti wazee wetu walisema kweli, na baadhi ya wenye elimu walikosea. Aliyeshika lote la wazee amekosa, na aliyetupa lote la wazee amekosa vilevile. Wote wawili ni ndugu, kwa maana hakuna kati yao aliyekwenda kutazama.

Haikuchukua muda mrefu kabla ya sisi kujaribiwa. Mtoto wa jirani yetu, mtu tuliyechunga naye tangu utoto, akashikwa na homa kali, na mnong'ono ukaanza kumzunguka mama yetu. Jirani akaja kwetu jioni, hakuketi. Akasema, "Ndugu yangu, wewe unajua yanayosemwa." Tukamwambia twajua, wala hatumkasirikii, lakini kwanza tumchukue mtoto. Tukamchukua kwa baiskeli mpaka zahanati. Akatobolewa kidole, damu ikapimwa, ikaonekana ni malaria, akapewa dawa. Siku ya tatu alikuwa akiomba uji.

Jumamosi wazee wakakutana chini ya mti, nasi tukaitwa. Mzee mmoja akasema, "Lisemwalo lipo." Tukamjibu kwa heshima kwamba zamani huko Ulaya yalisemwa maneno kama haya, na kati ya miaka ya 1400 na 1700 watu kadiri ya 40,000 na zaidi waliuawa kwa kushitakiwa uchawi, wengi wao wanawake, tena kwa mateso walikubali wenyewe kwamba wao ni wachawi. Akatokea padre mmoja Mjerumani, jina lake Friedrich Spee. Huyu alitazama jinsi mashitaka yalivyofanywa, akaona kwamba mtu akiteswa kadiri ya kutosha atakubali lolote, na atawataja wengine wowote. Mwaka 1631 alitoa kitabu cha kuonya mahakimu, wala hakutia jina lake, maana ilikuwa hatari. Hakuacha imani yake ili afikiri hivyo. Alifikiri kwa sababu ya imani yake, kwa kuwa aliona watu wasio na hatia wakifa.

Yule mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali lenye akili. "Mwalimu, dawa imetibu homa, na homa hutoka kwa mbu, hayo nakubali. Lakini nani aliyemtuma mbu kwa mtoto huyu, asimtume kwa wangu?" Hatukuwa na jibu la kitabu. Tukamwuliza ni mbu wangapi walioingia nyumbani mwake usiku uliopita, na nani aliyewatuma wote hao. Watu wakacheka, naye akacheka. Kisha tukamgeukia baba wa mtoto, tukamwuliza chandarua alichopewa kiko wapi. Akainama. Chandarua kilikuwa nje, kimefunika mboga zisiliwe na kuku.

Tena tukawaambia wazee waje kwetu, waketi jikoni, mama apike, wapate kuona wenyewe. Wakaja watatu. Wa kwanza alitoka kabla ya maji kuchemka. Wa pili alitoka unga ulipotiwa. Wa tatu alistahimili hata mwisho, akatoka akipapasa ukuta, watoto wakamcheka, maana macho yake yalikuwa kama makaa. Akakaa kitako mchangani muda mrefu. Kisha akasema neno moja tu, "Mke wangu hufanya hivi kila siku."

Hatutawadanganya kwamba siku ile mambo yote yalikwisha. Wa kwanza mpaka leo husema moshi ni moshi na uchawi ni uchawi. Lakini wa tatu alitoboa dirisha katika jiko lake mwezi uleule, na hakuna aliyemnong'ona mama yetu tena kwa sauti tuliyoisikia.

Sasa neno kwenu walimu, ambao kosa letu ni lenu pia. Katika nchi hii palikuwa na mwanafunzi, Erasto Mpemba, aliyekuwa akisoma shule ya Magamba katika nchi ya Lushoto mwaka 1963. Walikuwa wakitengeneza barafu ya maziwa. Siku moja, kwa haraka ya kupata nafasi, aliyaweka maziwa yake katika friji yakiwa ya moto, na mwenzake akaweka ya baridi. Naye akaona yake yameganda kwanza. Akamwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akachekwa. Wakasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya watu wote. Lakini hakuacha. Akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne. Mpemba akasimama mbele ya wenzake, akauliza swali lile lile. Wenzake wakacheka. Dakta hakucheka, alirudi akaagiza lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao wakaandika habari hiyo pamoja, na mpaka leo jambo hilo huitwa duniani kwa jina la Mpemba. Wako wataalamu wanaobishana bado kama ni kweli siku zote au mara nyingine tu, na hivyo ndivyo ipasavyo. Mtu afikiriye mwenyewe si mtu asiyekosea kamwe. Ni mtu aletaye neno lake mahali pa kujaribiwa, akakubali kuona.

Jiulizeni, walimu: katika habari ile sisi tungalikuwa nani? Sisi tuandikao tulikuwa yule aliyecheka. Mvulana wetu mdogo aliuliza habari ya macho, tukamwambia aketi. Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule zetu zimpe mtoto moyo wa kuuliza, na uwezo wa kujifunza kwa wengine, akakataa au akageuza yasiyomfaa. Miaka mingi imepita, na bado twawapa watoto wetu majibu kama mtu ampaye ndama majani yaliyokatwa, tukashangaa kwamba hawezi kujitafutia malisho.

Na wale wanaoogopa kwamba maswali yatavunja imani, wakumbuke siku wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu. Wao walikuwa na jibu tayari: ni lazima mtu fulani amekosa, ama yeye ama wazazi wake, walitaka kujua ni nani tu. Bwana wao hakuwachagulia kati ya majibu yao mawili. Aliyakataa yote mawili, akamponya mtu. Sisi tumelifundisha somo lile miaka mingi, tusione kwamba linahusu macho ya jirani yetu.

Tangu siku ile tumebadili desturi moja darasani. Watoto bado hukariri, maana kukariri kuna faida yake. Lakini wakisha, kila mmoja huleta swali moja lililo lake, lisilo la kitabu. Mengine hatuwezi kuyajibu. Mwanzoni tuliona haya kusema hatujui, sasa twasema, "Hatujui, tutatazama pamoja." Yule mvulana tulimwita mbele ya wenzake, tukamwomba radhi, tukajibu swali lake.

Na ninyi mlio nyumbani, twawaomba mambo manne. Kwanza, toboeni dirisha katika jiko, au jengeni dohani. Si kazi ya siku mbili. Pili, nawisheni watoto nyuso kila asubuhi, kila mtu na kitambaa chake. Tatu, mtu akiugua, aende zahanati kabla mtu yeyote hajasema neno la nani. Nne, mtoto akiuliza kwa nini, msimpige wala msimcheke. Mkiwa hamjui, semeni hamjui.

Lilikuwa limebaki deni moja. Tukamtafuta yule bibi. Tulimkuta kwa binti yake, ameketi juu ya kigoda kivulini, mzee sana, macho yake hayaoni tena. Tukapiga magoti tukamwamkia, tukataja jina la baba yetu, akatujua. Tukamwambia habari ya donge. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, wewe uliamini kwamba mimi ni mchawi?" Tukamjibu kwamba hatukuwa tumeamini, wala hatukuwa tumekataa, hatukuwa tumejiuliza.

Akasema, "Hata wazee wenu hawakuuliza. Wangaliniuliza, ningaliwajibu. Ningaliwaambia ni moshi."

Kisha akamwita mtoto wa nyumba ile, akamtuma ndani alete matobolwa, akatunyoshea mkono wenye matobolwa. Tukala. Baada ya miaka miwili tulipata habari ya kufa kwake. Wasomaji wapenzi, ikiwa katika mtaa wenu yuko mzee wa namna ile, msingoje kama tulivyongoja sisi. Nendeni leo, mkaketi jikoni pake.